Alama ya Muuzaji na Jina la Leso

Wakusanyaji wa maneno ya leso, au kanga kama ziitwavyo mahali pengi, aghalabu huyaandika kama waandikavyo methali: maneno yenyewe kwanza, kisha maana, kisha mafumbo yaliyomo. Mstari mwingine, ulio mdogo zaidi na uliochapwa pembezoni mwa nguo, mara nyingi huachwa. Mstari huo ni alama ya muuzaji. Kuuacha ni hasara kwa mtafiti, kwa kuwa habari za leso zenye maneno ni habari za biashara kabla hazijawa habari za fasihi, na alama ile ndiyo ishuhudiayo jambo hilo.

Katika leso za Mombasa alama iliyo mashuhuri kuliko zote ni "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Herufi tatu za mwanzo ni za Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lahesabiwa kuanza mwaka 1887. Abdulla ni jina alilojulikana nalo mjini. Yeye ndiye atajwaye kwa kawaida kuwa alianzisha desturi ya kutia maneno katika leso, mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa hiyo husimuliwa zaidi kuliko inavyothibitishwa. Lakini hata kama wengine walimtangulia, hakuna aliyelifanya jina lake likumbukwe kuliko yeye.

Haja ya jina la namna hiyo huonekana wazi mtu akiitazama nguo iliyotangulia, yaani merikani. Kitambaa hicho cha pamba isiyotiwa rangi kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa Salem, kikapendwa mwambao na bara hata jina la nchi kilikotoka likawa jina la nguo yenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, vilipopunguza shehena, vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vilipata nafasi, na jina la merikani likaenea juu ya nguo ambazo hazikuiona Marekani kamwe. Jina lilibaki, wenyewe wakalipoteza. Leso ilikuwa hatarini zaidi, kwa kuwa mchoro unaopendwa leo huigwa kesho na duka la pili.

Tena muuza leso wa Mombasa hakuwa na kiwanda. Alikuwa na duka, wateja, na anwani. Nguo zake zilichapwa mbali: Uingereza, Uholanzi, na baadaye Bara Hindi na Japani. Kampuni ya van Vlissingen ya mji wa Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, ilikuwa imekwisha kuchapa leso kwa ajili ya Afrika ya Mashariki kabla karne ya 19 haijaisha. Kazi kama hiyo isingewezekana pasipo posta. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Kuanzia mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilichukua barua kwa utaratibu kati ya Aden na Unguja. Na mwaka 1890 stempu za Kampuni ya Imperial British East Africa zilianza kutumika Mombasa. Ndipo mchoro, vipimo, rangi na maneno vilipoweza kusafiri ndani ya bahasha, na nguo zikarudi katika marobota baada ya miezi.

Miezi hiyo ndiyo iliyokuwa na hatari. Wanawake wa mwambao hawakuingojea meli. Pambo lililotamaniwa barua ilipotumwa laweza kuwa limepitwa na wakati robota lifunguliwapo, na mtaji wote wa duka umo ndani ya robota. Hapa maneno yalikuwa na faida ambayo wakusanyaji wa methali hawaitaji. Mji na pindo vyaweza kubaki vilevile, na usemi ukabadilishwa. Kazi ya kuchonga mstari mmoja ni ndogo kuliko ya kuchonga pambo zima, na mnunuzi akapata leso mpya.

Alama yenyewe yastahili kusomwa kwa makini. Ina majina mawili, na yaelekea kila moja lilikuwa na msomaji wake. K.H.E. ni jina la karani: lafaa katika barua na hati za shehena. Abdulla ni jina la mtaani, awezalo kulitamka mteja asiyejua kusoma. Kati ya hayo mawili pana maneno "mali ya", ambayo si ya kawaida kwa tangazo la biashara, maana hayasifu kitu. Yanadai milki tu. Mwanamke ameinunua doti yake kwa fedha zake, naye hutembea nayo mjini ikisema ni mali ya mtu mwingine. Wala haielekei kuwa kuna aliyeudhika kwa hilo. Neno "mali" lina upana wa kutosha kubeba maana mbili, bidhaa na milki.

Kadhalika neno "jina". Usemi ulioandikwa katika leso huitwa jina lake, nayo huulizwa na kuagizwa kwa jina hilo. Kinachothibitisha matumizi hayo ni kisutu, leso ya harusi ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo kwa desturi haina maneno. Haiyahitaji: pambo lake lajulikana na kila mtu, na hakuna muuzaji awezaye kudai kuwa ni lake peke yake.

Maneno ya kwanza yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa za Kirumi. Ama kwa herufi hizi ama kwa zile, mchongaji wa Helmond au wa Manchester alinakili maumbo ya lugha asiyoijua, na si ajabu kuwa leso nyingi zina herufi iliyoruka au neno lililokatwa pasipo mahali pake. Viwanda vya Afrika ya Mashariki vilipoanza kuchapa kanga, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, barua haikuhitaji tena kuvuka bahari, na mchongaji akawa mwenye lugha. Kwa leso za kabla ya hapo, mkusanyaji asahihishaye tahajia kimyakimya huondoa pamoja na kosa dalili ya safari ambayo maneno hayo yalifanya.