Historia Isiyoandikwa ya Keria

Ufaransa, watu husafiri mbali kutafuta barabara ya changarawe isiyo na magari ili wapite kwa baiskeli. Kihagara, barabara ya namna hiyo haitafutwi, ndiyo iliyopo. Historia iliyoandikwa ya mwambao huu ni ya meli: tarehe 13 Agosti 1914, huko Liuli, Waingereza waliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa nchi kavu, ikitengenezwa. Baiskeli haikuandikwa. Lakini usipa wa Ziwa Nyasa haukupanda milima ya Umatengo kwa meli. Ulibebwa kichwani, kisha kwenye keria, baiskeli ikisukumwa penye mwinuko. Lami kutoka Mbinga imekwishafika Mbamba Bay. Tuliosomea historia tuwaulize wasukumaji leo, wangalipo.