Mahal: Tulimlilia Kamini, Tukamsahau Mke



Siku moja tulikuwa tukimpima nguo biharusi, bibi yake amekaa pembeni anaimba kwa sauti ya chini. Tukamuuliza, bibi, wimbo gani huo? Akasema, "Wa Mahal huo, wanangu. Tulilia sie mpaka mabuibui yakarowa." Usiku tulipofunga duka tukaitafuta filamu hiyo kwenye simu, tukaitazama mpaka mwisho. Na sisi tukalia. Ila tuliyemlilia sisi siye aliyemlilia bibi.

Kwa mabibi zetu wa Unguja, senema ilikuwa jambo kubwa. Jumba la Majestic pale Vuga, ambalo mwanzo likiitwa Royal, liliungua moto na kujengwa upya mwaka 1955. Darajani kulikuwa na Empire. Filamu za Kihindi zilipendwa mno, na kulikuwa na maonesho ya wanawake peke yao, hivyo mama na binti wakaingia kwa stara zao. Waliporudi nyumbani walirudi na nyimbo, na vikundi vya taarab navyo vikachukua sauti za Kihindi vikazitilia maneno ya Kiswahili. Hata fundi nguo alipata kazi, maana kila mtu alitaka mkono wa nguo kama aliouona.

Mahal, maana yake kasri, ilitoka India mwaka 1949. Iliongozwa na Kamal Amrohi, Muislamu wa mji wa Amroha, na ilikuwa filamu yake ya kwanza kuongoza. Hadithi ni hii. Kijana Shankar, aliyechezwa na Ashok Kumar, anafika kukaa katika kasri kuukuu kando ya mto. Mtunza bustani anamhadithia kuwa mwenye kasri alimjengea mpenzi wake Kamini, akawa anamjia kila usiku kwa mashua. Usiku mmoja mashua ikazama naye akafa. Kamini akangoja, akangoja, mwisho naye akafa majini. Shankar anatazama ukutani, anaona picha ya marehemu yule, na sura ni yake yeye mwenyewe. Usiku anasikia mwanamke anaimba.

Mwanamke huyo ni Madhubala, na wakati ule alikuwa na miaka 16 tu. Sauti ni ya Lata Mangeshkar, naye bado alikuwa msichana asiyejulikana sana. Ili wimbo usikike kama unatoka mbali, Lata alianza kuimba akiwa pembeni mwa studio, akawa anatembea polepole kuelekea kwenye maikrofoni. Kwenye sahani ya santuri hata jina lake halikuandikwa, liliandikwa jina la Kamini. Watu wakawa wanauliza redioni, nani huyu anayeimba?

Hapo ndipo utamu wa filamu ulipo. Haina damu wala meno ya kutisha. Kuna mshumaa, bembea, saa ya ukutani inayogonga usiku, na mwanamke anayengoja. Nani kati yetu hajui kungoja? Visiwani mabibi zetu walingoja waume waliokwenda baharini, na leo wake wanangoja simu kutoka Muscat au Dubai. Ndiyo maana mabuibui yalirowa.

Lakini kuna mtu wa tatu katika hadithi, naye anaitwa Ranjana. Shankar anarudishwa nyumbani na baba yake, anaozeshwa. Usiku wa harusi biharusi amekaa na shela lake, anangoja afunuliwe. Shankar hamfunui. Moyo wake uko kasrini kwa mzuka. Baadaye anamchukua kwenda kuishi porini kwenye kibanda chenye nyoka na popo, na huko pia hamtazami. Ranjana anaandika barua, anamwaga uchungu wake wote. Mwisho anakunywa sumu, na kabla ya kufa anamsingizia mumewe kuwa ndiye aliyemuua.

Mahakamani ndipo siri inapotoka. Hakukuwa na mzuka kabisa. Aliyekuwa akiimba ni Asha, binti wa mtunza bustani, aliyekuwa akijifanya Kamini. Mwanamke mmoja amekufa, mwengine ameharibikiwa, na Shankar mwenyewe hakufaidi, kwa sababu ya mapenzi ya kitu kisichokuwepo.

Dada zetu, dini yetu inatufundisha kuwa aliyekufa yuko barzakh, harudi kuja kumtafuta mpenzi. Na kujiua tumekatazwa, hilo hatulipambi. Lakini machozi ya Ranjana tunayajua. Wako mabiharusi wanaolala kitanda kimoja na mume aliyehama kwa moyo, kahamia kwa mchumba wa zamani, au kwa sura anayoiona kwenye simu. Na wako mabiharusi wanaofanya hivyo hivyo wao kwa waume zao. Mzuka si lazima uvae nguo nyeupe.

Ranjana aliandika barua na ikafika akiwa amekwisha kufa. Wewe sema ukiwa hai. Mwambie mama, mwambie somo wako, waite wazee wa pande mbili wakae. Ikishindikana, kadhi yupo, na kwenda kwake si aibu. Kabla ya nikaha nako, idhini yako inaulizwa kwa sababu ina uzito. Muulize na yeye kwa utaratibu wa heshima, moyo wake uko wapi?

Nguo ya yule biharusi tumeimaliza. Alipokuja kuichukua alilijaribu shela mbele ya kioo, na bibi yake akamnong'oneza, "Mume wako akufunue, akutazame, akuone." Tukaitikia sote, amin.

Allah awajaalie waume wenye kuwaona, na nyinyi muwaone wao. Na kwa wanaongoja, Allah awape subira na heri ya mwisho.