Ukuta uliotokea mara mbili

Leo tuongee kuhusu leza, zile zinazozunguka juu ya magari yasiyo na dereva zikichora ramani ya pande tatu ya barabara nzima.

Kisa kilianza na kosa langu mwenyewe. Nilipakua data ya leza kutoka mtandaoni, nikaandika programu ya kuunganisha vipimo vyote viwe picha moja, nikaiendesha... na ukuta mmoja wa jengo ukatokea mara mbili! Nilikagua msimbo wangu karibu usiku kucha. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Nilichosahau ni faili moja ndogo ya maandishi, mistari michache tu, inayosema leza imefungwa kwa pembe gani ukilinganisha na kifaa kinachopima mwendo wa gari.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya mashine hizi, na kwa maoni yangu husimuliwa vibaya. Sifa zote hupewa leza. Kazi ya kusawazisha vipimo, ambayo ndiyo iliyowakosesha watu usingizi, haitajwi.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Leza inatuma mwale, mwale unagonga kitu na kurudi, saa inahesabu muda. Mwanga husafiri kama sentimita 30 kwa nanosekunde, na kwa kuwa ni safari ya kwenda na kurudi, saa ikikosea nanosekunde moja umbali unakosewa kwa sentimita 15. Hilo lilitatuliwa zamani. Mwaka wa 1971 Apollo 15 ilipima sura ya mwezi kwa leza ikiwa inauzunguka. Balaa ni kuifunga leza hiyo juu ya gari linalorukaruka kwenye mashimo. Pembe ikikosewa kwa nyuzi moja tu, kitu kilicho mita 50 mbele kinahama sentimita 87. Na gari likienda kilomita 60 kwa saa, saa mbili zikitofautiana kwa sehemu 10 za elfu za sekunde, umeshapotea sentimita 17.

Jangwa la Mojave lilifundisha somo hili hadharani. Tarehe 13 Machi 2004, DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, liliandaa mbio za magari yasiyo na dereva kwa zawadi ya dola milioni moja. Njia ilizidi kilomita 220. Gari lililofika mbali zaidi, Sandstorm la chuo cha Carnegie Mellon, halikumaliza hata kilomita 12. Aibu tupu! Zawadi haikuchukuliwa na mtu.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 2005, magari matano yalimaliza, na mshindi alikuwa Stanley wa Stanford, kwa saa 6 na dakika 54. Stanley alikuwa na leza tano za SICK paani, na wala si leza zilizompa ushindi. Timu ya Sebastian Thrun iligundua kwamba kosa dogo la kukadiria mwinamo wa gari lilizaa vizuizi vya uongo: mchanga mtupu ulionekana kama ukuta, gari likataka kukwepa hewa. Kwa vipimo vyao, zaidi ya sehemu 12 kwa kila 100 za njia safi zilihesabiwa kuwa vizuizi. Basi wakaandika programu inayojali umri wa kila kipimo: nukta mbili zilizopimwa kwa muda tofauti haziaminiwi sawa na zilizopimwa pamoja, kwa sababu kati yake gari limetikisika. Makosa yakashuka hadi chini ya 1 kwa 1,000. Hawakununua leza mpya. Mimi hapo nilivua kofia.

Katika mbio hizohizo alikuwepo David Hall, mwenye kampuni ya Velodyne iliyokuwa ikitengeneza spika za besi. Lori lake halikumaliza, lakini paani lilibeba mtambo wa leza 64 unaozunguka. Kufikia mbio za mjini za Novemba 2007, magari matano kati ya sita yaliyomaliza yalitumia mtambo wake, HDL-64E, uliotoa nukta zaidi ya milioni moja kwa sekunde.

Lakini fikiria: leza 64 ni sawa na mizani 64, na kila moja ina kasoro zake za pembe na za umbali. Nani atazikagua zote? Mwaka wa 2010 Jesse Levinson na Thrun walionyesha kwamba gari linaweza kujisawazisha lenyewe likitembea barabarani tu. Kuta na lami ni nyuso zilizoungana, kwa hiyo nukta za mwale mmoja zinapaswa kulala juu ya uso uleule unaoonwa na mwale jirani. Zisipolala hapo, kompyuta inasogeza pembe kidogo kidogo hadi zikubaliane. Hakuna ubao maalum wala maabara.

Sasa sikia hii. Mwaka wa 2012 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, na wenzao wa Chicago walitoa bure data iitwayo KITTI, iliyokusanywa kwa HDL-64E. Ikawa kipimo ambacho dunia nzima hupimia programu zake. Mwaka wa 2018 Mfaransa Jean-Emmanuel Deschaud alionyesha kwamba nukta zenyewe zimepinda: pembe ya wima ya miale imekosewa kwa kama nyuzi 0.2, yaani sentimita 17 hivi kwenye mita 50. Watu walikuwa wakishindana kwa sehemu ndogo za asilimia huku rula yenyewe ikiwa imepinda! Data ile haijatupwa. Programu kadhaa zilizokuja baadaye zina msitari wa msimbo wa kuinyoosha pembe hiyo kabla ya kazi kuanza, na wiki jana nami nimeuweka kwenye yangu.