Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Dar es Salaam na Mwanza

Na Mwandishi Wetu

Umbali wa anga kati ya Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere (JNIA), Dar es Salaam, na Kiwanja cha Ndege cha Mwanza ni takribani kilomita 850. Kwa barabara inayopita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, safari hiyo huzidi kilomita 1,100. Tofauti hiyo inatokana na umbali wa anga kupimwa kwa njia iliyo fupi kuliko zote, ilhali barabara hupinda kufuata miji na maumbile ya nchi.

Ndege ya jeti kama Airbus A220, ikishafika kimo chake cha safari, huruka takribani kilomita 800 kwa saa. Ndege ya pangaboi kama Dash 8-400 huruka takribani kilomita 650 kwa saa. Kwa kugawanya umbali kwa mwendo, hupatikana dakika 64 kwa ya kwanza na 78 kwa ya pili.

Hata hivyo, ratiba huonesha muda mrefu zaidi, kwa kawaida takribani saa moja na nusu kwa ndege ya jeti. Muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa kiwanja iendako. Ndani yake mna mwendo wa ardhini hadi njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya waongoza ndege, pamoja na kupaa na kushuka kwa mwendo mdogo. Upepo wa mbele huongeza dakika, na wa nyuma huzipunguza.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Tiketi hutumia mfumo wa saa 24 unaoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Hivyo, 06:00 ni saa 12:00 asubuhi, 12:00 ni saa 6:00 mchana, na 18:00 ni saa 12:00 jioni. Abiria anayeisoma 06:00 kuwa saa sita mchana atafika kiwanjani wakati ndege yake imekwishatua. Vilevile, 00:30 ya tarehe 5 ni saa 6:30 usiku wa kuamkia tarehe 5. Anayesafiri anapaswa kuwa kiwanjani usiku wa tarehe 4.

Kwa mfano, mgonjwa wa Mwanza mwenye miadi Hospitali ya Taifa Muhimbili saa 4:00 asubuhi, akipanda ndege ya 06:00, atatua Dar es Salaam takribani saa 1:30 asubuhi. Hapo ataongeza muda wa kuchukua mizigo na wa kusafiri zaidi ya kilomita 10 kuelekea katikati ya jiji, kukiwa na msongamano wa asubuhi. Akizingatia kufika kiwanjani saa mbili kabla ya safari, atapaswa kuwa Kiwanja cha Ndege cha Mwanza saa 10:00 alfajiri. Ndege ikichelewa kwa saa moja na nusu tu, miadi hiyo itakuwa mashakani.

Kwa sababu hiyo, mwenye miadi, mtihani au shauri la mahakama asubuhi anashauriwa kusafiri siku moja kabla, na kuthibitisha kwa shirika la ndege saa ya kuondoka na jengo la abiria atakalotumia.