Lugha na Historia katika Riwaya ya Tolkien: Maoni ya Msomaji

1. Utangulizi

Riwaya ya J.R.R. Tolkien iitwayo The Lord of the Rings, yaani Bwana wa Pete, ilitolewa London katika juzuu tatu kati ya Julai 1954 na Oktoba 1955. Masimulizi yake yamegawanywa katika vitabu sita, na kurasa zake zinazidi elfu moja. Kisa chenyewe kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Frodo, mmoja wa Wahobiti, watu wafupi wapendao shamba na amani, anakabidhiwa pete yenye nguvu ya kutawala, naye anatakiwa aipeleke hadi katika mlima wa moto ulioko nchi ya adui aitwaye Sauron, ili iangamizwe pale pale ilipofuliwa.

Sisi tuliisoma kwanza kwa Kifaransa, katika tafsiri ya Francis Ledoux (1972-1973), kisha katika tafsiri mpya ya Daniel Lauzon (2014-2016). Makala haya hayakusudii kusimulia yote yaliyomo. Tunataka kujibu swali moja tu: kwa nini msomaji anayejua vyema kwamba nchi hizo hazikuwako kamwe anajikuta akizisoma kama historia? Kwa maoni yetu jibu limo katika lugha. Na jibu hilo hilo linatuonyesha pia upungufu mkubwa wa kitabu hiki.

2. Mtunzi na kazi yake

Tolkien alizaliwa Bloemfontein, kusini mwa Afrika, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza angali mtoto wa miaka mitatu. Bara letu hakulijua zaidi ya hapo, kwa hiyo tusijenge hoja juu ya jambo hilo. Lililo muhimu zaidi ni kwamba alikuwa mwanafilolojia. Mwaka 1916 alipigana katika vita vya Somme, ambako rafiki zake wa karibu walianza kumpotea. Baada ya vita, mwaka 1919 na 1920, alifanya kazi katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, akichunguza asili za maneno. Kuanzia mwaka 1925 hadi 1959 alikuwa profesa katika chuo kikuu cha Oxford. Riwaya hii aliianza Desemba 1937, akaimaliza mwaka 1949.

Katika dibaji aliyoiandika kwa toleo la pili, mtunzi alikana kwamba kitabu chake ni fumbo la Vita Kuu ya Pili, akamwachia msomaji uhuru wa kukilinganisha na maisha yake mwenyewe. Aidha, alieleza kwamba kazi yake ilichipuka katika isimu: alikuwa amekwisha kubuni lugha za Waelfi, viumbe wasiokufa kwa uzee, na lugha hizo zikahitaji historia. Ni vema tuuzingatie utaratibu huo. Waandishi wengi hutunga kisa kwanza, halafu wakatafuta majina ya wahusika. Huyu alianza na sarufi, na kisa kikafuata.

3. Lugha kama ushahidi

Lugha hizo zina sheria. Kikwenya kilipata sauti zake kwa kuiga Kifini, na Kisindarini kwa kuiga Kiwelshi. Lakini zote mbili zinatokana na mzazi mmoja, na mabadiliko ya sauti yanayozitenganisha yanafuata kanuni, kama tunavyofundisha katika isimu linganishi. Kwa sababu hiyo, msomaji akutanapo na jina la mlima au la mto huhisi kuwa nyuma ya jina hilo kuna karne za watu waliolitamka. Sisi wa Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville hadi mwaka 1966, hatuhitaji kufundishwa kwamba jina la mahali ni hati ya historia.

Tena mtunzi anajifanya mfasiri. Anadai kwamba masimulizi yametolewa katika kitabu cha kale, kilichoanzishwa na Bilbo, kikaendelezwa na Frodo, kikamaliziwa na Sam. Anaeleza hata kwamba nakala ya kwanza ilipotea, na kwamba tunayoisoma imetokana na nakala zilizoandikwa baadaye. Katika kiambatisho cha mwisho anaungama kwamba majina tuliyoyazoea si ya asili: jina halisi la Sam, asema, ni Banazîr. Lugha ya watu wa Rohan ameiweka katika sura ya Kiingereza cha kale, ili uhusiano wake na lugha ya Wahobiti usipotee.

Jambo hili liliwapa wafasiri mtihani. Ledoux alimwita mhusika mkuu Frodon Sacquet. Lauzon anamwita Frodo Bessac. Bonde la Waelfi lilikuwa Fondcombe, sasa ni Fendeval. Siku za kwanza tulikasirika, kana kwamba mtu amebadilisha majina ya jirani zetu. Baadaye tulitambua kwamba hasira yetu ilikuwa ushahidi: majina hayo yalikuwa yamekwisha kuwa ya kweli kwetu.

4. Watu wasio na lugha

Hata hivyo, si wote waliopewa fadhila hiyo. Watu wa kusini, waitwao Haradrim, wanakuja vitani upande wa Sauron wakiwa na ndovu wakubwa ajabu. Mavazi yao tunayaona, silaha zao tunazihesabu, lakini hakuna hata mmoja wao anayezungumza nasi. Wahobiti wana nasaba za vizazi vingi, Waelfi wana nyimbo, wafalme wa Gondor wana orodha ya miaka yao ya kutawala. Haradrim hawana hata ukurasa mmoja wa masimulizi yao wenyewe. Msomaji Mwafrika hawezi kupita hapo bila kusimama.

Lakini haki inatudai tuseme pia kwamba kitabu chenyewe kinalifungua jeraha hilo. Katika msitu wa Ithilien, Sam anaona askari wa kusini akianguka karibu naye, amekufa. Anajiuliza jina lake nani, kwao wapi, kama moyo wake ulikuwa mwovu kweli, au ni uongo na vitisho vilivyomtoa nyumbani. Maswali hayo hayajibiwi. Yuko pia Ghân-buri-Ghân, mkuu wa watu wa porini, asemaye lugha ya wageni kwa maneno ya kukatika-katika, lakini anayehesabu maadui kwa usahihi na kuijua njia iliyosahauliwa na wote. Malipo anayoyaomba ni moja: watu wake waachwe msituni, wasiwindwe tena kama wanyama. Mwishoni mfalme anawapa msitu wao.

5. Hitimisho

Riwaya hii imetuthibitishia kanuni ambayo mtunzi aliijua kuliko wengi, ingawa hakuwatendea wote kwa kipimo kimoja: aliyepewa lugha amepewa historia, na aliyenyimwa lugha hubaki kivuli katika historia ya wengine. Kwetu kanuni hiyo si ya kubuni. Kiswahili cha Kongo kimeitwa mara nyingi kibovu, kana kwamba wanaokisema hawana la kusimulia. Hata hivyo, mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili hicho hicho. Johannes Fabian aliitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990. Humo watumishi wanawataja mabwana wao, wala si mabwana wanaowataja watumishi.

Tunawashauri wanafunzi wetu wavisome vitabu hivyo viwili kwa pamoja. Katika cha kwanza watajifunza jinsi lugha inavyojenga ulimwengu, na katika cha pili watamsikia mtu ambaye, katika kile cha kwanza, Sam alimkuta amekwisha kufa, asiweze kumwuliza jina lake.