Radbourn, Charles
Radbourn, Charles (1854–1897), aliyelakabiwa Old Hoss, alikuwa mrushaji mashuhuri wa besiboli ya kulipwa nchini Marekani, mzaliwa wa Rochester, New York, aliyelelewa Bloomington, Illinois. Sifa yake kubwa yatokana na msimu wa 1884, pale ambapo, baada ya mrushaji mwenziwe Charlie Sweeney kufukuzwa mwezi wa Julai, aliichukua takriban kazi yote ya kurusha katika timu ya Providence Grays, akashinda michezo 59 (wengine huhesabu 60), idadi isiyofikiwa na yeyote hadi leo, ilhali mkono, kama isimuliwavyo, ulimuuma hata akashindwa kuchana nywele asubuhi. Kisha, na huo ndio ustahamilivu wa ajabu, akaishinda timu ya New York Metropolitans mara 3 mfululizo katika michuano ya ubingwa iliyofuata msimu huo. Aliacha mchezo mwaka 1891. Akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli mwaka 1939.