Siku Kama ya Leo, Ikitazamwa Kutoka Kihurio

Novemba 11, 1918, saa tano asubuhi, bunduki zilinyamaza Ulaya. Vipindi vya redio na kona za magazeti zinazotukumbusha yaliyotokea "siku kama ya leo" haviisahau tarehe hiyo. Ndiyo siku, tunaambiwa, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha.

Huku kwetu haikwisha siku hiyo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na bado anasonga mbele. Novemba 13 askari wake waliingia Kasama. Habari kwamba wakubwa wamekwisha kupatana huko Ulaya zilimkuta karibu na Mto Chambeshi. Alikuja kusalimisha silaha Novemba 25 katika mji wa Abercorn, ambao sasa unaitwa Mbala, akiwa na Wajerumani 155 na askari wa Kiafrika 1,168. Kwa wapagazi na askari hao, Novemba 11 ilikuwa siku nyingine tu ya kutembea na mzigo.

Tarehe, basi, ina mwenyewe. Anayetaka kuliona hilo kwa karibu na aende Kihurio.

Ukitoka Same mjini, barabara ya mashariki inakupitisha Kisiwani, Gonja Maore na Ndungu, Milima ya Pare Kusini ikiwa mkono wako wa kulia na nyika ya Mkomazi mkono wa kushoto. Kisha unaingia Kihurio, tambarare ya joto na majaruba ya mpunga yanayonyweshwa na maji ya mlimani. Ukiendelea unafika Bendera, halafu unatokea Mkomazi, kwenye reli ya Tanga hadi Moshi.

Mwishoni mwa Mei 1916 vita vilipita upande huu. Jenerali Jan Smuts alikuwa akiwasukuma Wajerumani kutoka Moshi kuelekea Tanga. Wajerumani walirudi nyuma huku wameikumbatia reli, magharibi ya milima, na kila penye nafasi nzuri walichimba mahandaki. Smuts hakutaka kuwavamia uso kwa uso tu. Alikiagiza kikosi cha Brigedia Jenerali Hannyngton kitoke Same, kipite mashariki ya milima kwa njia ya Gonja, kishuke bonde la Mkomazi kiwatokee Wajerumani ubavuni. Kikosi kizima, na wapagazi wake, kikapita kwenye mashamba ya watu ambao ugomvi ule haukuwa wao.

Hutaisikia redioni siku kikosi hicho kilipopita. Maofisa waliiandika katika taarifa zao za safari, ikabaki humo. Waliopitiwa na jeshi hawakuwa na daftari.

Si kwamba Wapare, wenyeji wa milima hii, hawakujua kuhesabu siku. Tazama ndiva, yale mabwawa madogo ya jadi ya Upare. Maji ya kijito huelekezwa ndani yake usiku kucha. Asubuhi tundu lake huzibuliwa, na maji hushuka kwenye mifereji kwa zamu. Anayelima kwa ndiva anajua leo ni zamu ya nani, kesho ya nani, na nani aliiba maji msimu uliopita. Hiyo ni kalenda kamili. Isipokuwa haina namba ya mwaka, na mambo makubwa yalishikwa kwa alama nyingine: njaa, nzige, au rika lililotiwa jandoni.

Kalenda zenye namba zilipanda milima hii na wageni. Misafara ya biashara kutoka Pangani ilileta mwezi mwandamo na Ramadhani. Mwaka 1903 wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifungua kituo chao cha kwanza Mamba Giti, wakakiita Friedenstal, maana yake bonde la amani, na kazi yao ikaenea Pare Kusini hadi Kihurio. Wakaleta Sabato. Hadi leo, Jumamosi ya upande huu haifanani na Jumamosi ya sehemu nyingine za nchi. Walileta pia kalamu: mmoja wao, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, mwaka 1909, na yaliyotukia yakaanza kuandikwa kwa siku, mwezi na mwaka.

Kazi ya kurudi nyuma zaidi ya hapo ilifanywa na mwana wa Upare mwenyewe, Profesa Isaria Kimambo. Katika miaka ya 1960 aliwaendea wazee, akawasikiliza, akapanga vizazi kimoja baada ya kingine. Kitabu chake cha mwaka 1969 kinaeleza jinsi ukoo wa Wasuya ulivyowapindua Washana, wahunzi waliokuwa na nguvu Ugweno, na kwa kuhesabu vizazi anayaweka mapinduzi hayo katika karne ya 16. Ni tukio kubwa kuliko mengi tunayotangaziwa kila asubuhi. Lakini hakuna mtangazaji atakayeweza kusema "siku kama ya leo", kwa sababu siku yenyewe haipo. Kuna vizazi tu.

Tukio jingine lina mwezi na mwaka, na bado halitajwi. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka pande zote za Pare, wakakusanyika Same, makao ya wilaya, kupinga mbiru. Hiyo ilikuwa kodi iliyopimwa kwa mali ya mtu, ikiongezwa juu ya ile ya kawaida. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa kama ng'ombe mnadani bila kuulizwa. Paulo Mashambo akawa miongoni mwa viongozi wao. Mgogoro ulivuka mwaka, wanawake wakaingia nao, na hatimaye serikali ya Mwingereza ikaiondoa kodi hiyo. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, zaidi ya miaka tisa baada ya mkusanyiko wa Same. Saba Saba tunaijua sote. Siku ya mbiru ni ya Wapare peke yao.

Tofauti ni kwamba tarehe za taifa huchaguliwa. Uhuru wa Tanganyika ulipangiwa kwanza Desemba 28, 1961, kabla ya kuletwa karibu hadi Desemba 9. Chama Cha Mapinduzi nacho kilizaliwa Februari 5, 1977, miaka kumi kamili tangu Azimio la Arusha litangazwe, na hiyo haikuwa bahati nasibu. Tarehe ikishachaguliwa hupewa gwaride, likizo na wimbo. Iliyokosa kuchaguliwa hubaki vinywani mwa wazee, nao hawaishi milele.

Lakini zipo siku ambazo hazihitaji gwaride. Novemba 2009, katika wiki ileile ya pili ya mwezi ambayo dunia huitumia kukumbuka mwisho wa vita, mvua kubwa ilinyesha milimani upande wa Mamba. Mlima ukakatika katika kijiji cha Goha. Udongo ulifunika nyumba watu wakiwa ndani, na zaidi ya watu 20 walikufa. Tambarare ya chini hunywa maji ya milima hiyohiyo, na wengi wa huku wana ndugu juu.

Kila Novemba redio itasema bunduki zilinyamaza, na itakuwa imesema kweli ya mahali pengine. Upande huu wa Pare, wiki hiyo mawingu yakikusanyika juu ya Mamba, watu hutazama mlimani.